Kipimo Kilichoning'inia Xintang

Nina maduka matatu Kariakoo na la nne Mwanza, na hakuna hata moja nililopewa na mtu. Shule niliishia darasa la nne. Haya ninayoandika yametoka mikononi mwangu; karani wangu wa dukani amenyoosha herufi tu, maneno hajagusa. Nayasema mapema ili msomaji ajue anakaa na nani. Ukifika mtaa wa Kongo ukaulizia Deo Jinzi, hata muuza maji atakuonyesha ghorofa. Habari za nyumba niliyozaliwa kule Tabora sitazieleza, hazikunisaidia kupata wala kukosa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule wa kwanza niliokaa Guangzhou, yapata miaka kumi na tano iliyopita, kwa sababu mwezi uliopita kuna neno nilipaswa kulisema mezani mbele za watu, nikalimeza pamoja na pilau.

Ilikuwa kwa Bi Arafa, mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, ghorofa ya saba. Kila Mtanzania aliyewahi kufuata mzigo Guangzhou amekula kwa Bi Arafa. Hana kibao mlangoni. Unapanda lifti inayonuka vitunguu, unaona viatu vimepangwa nje, unajua umefika. Ndani meza nne zenye vitambaa vya plastiki, dirisha linalotazama barabara ya juu, na feni ya jikoni inayounguruma hata watu wanapiga kelele kusikilizana. Mwezi uliopita aliita wateja wake wa zamani chakula cha mchana cha kuagana, maana anarudi Unguja moja kwa moja, magoti hayamtaki tena. Mezani kwangu alikaa Wanjiku, Mkenya anayepeleka nguo soko la Gikomba na mteja wangu wa siku nyingi. Mwanamke huyo alikuwa amevaa jinzi zangu. Akapiga paja lake akaniuliza, "Deo, buda, hii kata ya suruali uliitoa wapi? Aki nimevaa za Uturuki, nimevaa za kila mahali, hakuna inanishika hivi." Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: niliibuni mwenyewe, kwa akili yangu, nikaichora kwenye mfuko wa saruji. Bi Arafa alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia. Akasema taratibu, "Deo, miye keshokutwa naondoka. Mtu akisema kweli hapa leo, hainidhuru kitu." Meza nzima ikanitazama. Mimi na yeye tu ndio tuliojua anasema nini. Nikanyanyua sahani yangu. "Bi Arafa, hebu niongezee pilau." Akaniongezea.

Mwaka ule nilifika na begi moja na nia moja: jinzi za wanawake. Nilikuwa nimeuza mikanda na soksi pale Msimbazi kwa miaka saba, nikaona kwa macho yangu kuwa suruali ya jinzi haikai dukani. Bi Arafa ndiye aliyenionyesha basi la kwenda Xintang. Wakati huo treni ya chini haikuwa imefika huko. Unasafiri saa nzima na zaidi, maghorofa yanapungua, mwisho unaona mji mzima una rangi ya buluu. Nasema kweli, buluu. Maji ya mfereji buluu, vidole vya watu buluu, mbwa nao. Kila nyumba chini kuna cherehani na juu wamelala mafundi. Nikampata laoban mmoja, maana yake bosi, na kila mtu mwenye meza China ni laoban, hata mimi waliniita hivyo siku ya kwanza nikaona sawa kabisa. Karakana yake ilikuwa na mafundi ishirini hivi. Kazi za fedha na wageni alifanya mwanamume. Kazi za nguo alizisimamia mke wake, mama mfupi, pini mdomoni tangu asubuhi, mtu wa maneno machache.

Wakanishonea sampo, suruali moja ya mfano. Sasa hapa nikwambie, mimi si mtu wa kudanganywa kwenye nguo. Nilivuta kitambaa kwa meno. Nililowesha kipande nikakisugua kwenye shati langu jeupe nione kama rangi inatoka. Zipu ndiyo usiseme: nilipanda na kushuka zipu moja mara mia, nikazikataa aina tatu, nikachagua ya nne mwenyewe. Halafu wakaivisha sampo kwenye sanamu la plastiki, kisha akaivaa binti mmoja fundi, mwembamba kama mwiko, akageuka mbele na nyuma. Ilimkaa vizuri mno. Nikaweka saini. Zipu niliipima mara mia. Mtu wa kuivaa sikumpima hata mmoja.

Dazeni za kwanza nilizituma kwa ndege ili niwahi soko. Siku nne baadaye akanipigia dada aliyekuwa ananiuzia Kariakoo, na sauti yake naisikia mpaka leo. "Kaka Deo, hizi suruali umenunua za nani?" Nikamwambia za akina dada. "Akina dada wa wapi? Mteja akivuta inakwama mapajani. Nikimpa kubwa inapita, lakini kiunoni kunabaki wazi, unaweza kufugia kuku humo! Wananicheka, kaka. Wanauliza kama nimeleta sare za shule." Nikaenda mbio Xintang kumwambia laoban aongeze saizi. Akanionyesha kwa mikono: ukiongeza huku, na huku kunaongezeka. Akaandika kwenye kalenda yake. Alhamisi ya wiki inayofuata mafundi wanakata kitambaa changu chote, kwa sababu baada ya hapo wanakwenda makwao kula mwaka mpya wao, mwezi mzima karakana inafungwa. Nafasi yangu kwenye kontena la bandari ya Huangpu nilikuwa nimeshaichukua na Watanzania wengine, nao hawangemngoja mtu. Kitambaa kikikatwa kwa kipimo kile, nimekwisha. Narudi Msimbazi kwenye mikanda. Kisipokatwa, meli inaondoka bila mimi, na kitambaa kinakaa gizani mpaka mtindo umepita.

Nikawa na siku sita. Nikasema nitazunguka mji mpaka nipate suruali moja tu iliyoshonwa kwa umbo la kwetu, nimpelekee laoban aige. Bi Arafa akanitazama nikinywa chai yake bila kugusa chapati. Akasema, "Weye hutajua pa kuanzia. Kila siku mimi natoka kutafuta vitu vya jikoni. Fuatana nami, nibebee mikoba, huko njiani tazama suruali zako." Hivyo ndivyo nilivyoujua mji ule. Wengine wanakaa Guangzhou miaka kumi wanajua Xiaobei na uwanja wa ndege tu. Mimi kwa siku zile chache nilipita pote, kwa miguu na kwa basi, nikimfuata mwanamke mwenye buibui aliyekuwa anatembea kama anadaiwa na njia.

Sanyuanli alinunua mifuko ya plastiki na sufuria. Yale majumba ya biashara yamejaa Wanigeria, na sauti inayotawala ni ya utepe wa kufungia maboksi, kraa, kraa, toka asubuhi. Jinzi ziliwekwa milima kwa milima. Nikauliza kwa mikono, nikichora nyonga hewani. Dada wa kwanza akasema meiyou, yaani hakuna. Wa pili akasema meiyou kabla sijamaliza kuchora. Wa tatu akadhani namtongoza, akamwita kaka yake. Bi Arafa alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Deo weye, acha kuchora! Utatufungisha!" Kesho yake tukaenda Tianhe, kwenye vioo virefu, kwa sababu alisikia kuna duka linauza iliki nzuri. Kule sakafu inang'aa unaogopa kukanyaga, na nguo inatundikwa moja peke yake kama picha ya rais. Nikaingia, nikaona suruali, nikaona bei, nikatoka. Siku ya tatu tulikuwa upande wa pili wa mto kwenye masoko ya vitambaa, pikipiki zinapita na marobota marefu yanakugonga mgongoni usipokaa macho. Kitambaa cha dunia nzima kipo pale. Umbo la mtu halipo.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya samaki, upande wa Liwan. Huko ndiko kwa wazee wa mji wenyewe. Vichochoro vyembamba, milango ya magogo inayosukumwa pembeni, mabibi wamevaa nguo za kulalia saa nne asubuhi wanacheza karata barabarani, na magunia ya vitu vilivyokaushwa, mijusi, vidubwasha vya baharini, maganda ya machungwa. Bi Arafa alikuwa na muuza samaki wake. Walikuwa wanatukanana kwa upendo, yeye kwa Kiswahili, mwenzake kwa Kikantoni, na bei inashuka. Alinunua changu wawili na pweza. Ilikuwa baridi ya unyevu, ile inayoingia kwenye mifupa, akasema tupite kisiwani Shamian tukae kidogo kwenye jua. Ni karibu tu, unavuka daraja dogo, na ghafla ni kama hupo China tena: majumba ya Wazungu ya zamani, miti mikubwa, kimya. Na maharusi. Sijawahi kuona maharusi wengi mahali pamoja. Kila baada ya hatua ishirini kuna bibi harusi kwenye gauni jeupe na mpiga picha wake, wanatetemeka kwa baridi wanachekea kamera.

Tukakaa kwenye benchi, pweza miguuni. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nahesabu siku, zimebaki mbili. Bi Arafa alikuwa anatazama maharusi, kama wanawake wote. Akanigusa bega. "Deo. Tazama mgongo wa yule." Nikatazama. Kwa mbele gauni lilikuwa limemkaa kama amezaliwa nalo. Kwa nyuma lilikuwa limebanwa na vibanio vya kuanikia nguo, safu nzima, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Tukamwangalia wa pili, hivyo hivyo. "Gauni moja, maharusi wote," akasema. "Wanalishona la mtu mpana, kisha wanabana nyuma, pale penye kiuno tu." Akanigeukia. "Suruali yako ishonwe ya nyonga zetu. Mapaja yapite, makalio yakae. Halafu ibanwe nyuma kiunoni, hapa, na hapa, ishonwe pale pale. Hao mafundi wako wanaongeza kila mahali kwa sababu hawajamwona mtu." Nikamwambia ndiyo, lakini mtu wenyewe nampata wapi? Siwezi kumbeba dada wa Kariakoo kwenye simu. Wateja wengine wa Xiaobei wote mwezi ule walikuwa wanaume. Bi Arafa akainuka, akafuta buibui lake, akachukua mkoba wa pweza. Tukavuka daraja.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Lakini skiza vizuri. Miye mtu wa Unguja, najulikana, napikia watu wa dini. Ikisikika Arafa kavua buibui kiwandani kavaa suruali apimwe na Wachina kwa ajili ya Deo, jiko langu limekufa. Wakikuuliza, sema umebuni mwenyewe. Umenisikia?" Nikamwapia kwa jina la mama yangu. Na nilikuwa nimeapa kweli.

Kesho yake tulipanda basi la Xintang asubuhi. Mke wa laoban alipoelewa alitoa pini mdomoni, nadhani ndiyo mara ya kwanza namwona bila pini. Akawafukuza wanaume wote karakanani, laoban mwenyewe akaenda kuvuta sigara nje. Wakatundika kitambaa cha jinzi kutoka bomba hadi bomba, kikawa pazia. Mimi niliwekwa upande wa huku, juu ya robota, nimetazama ukuta. Niliambiwa nisigeuke na sikugeuka. Nilichokijua siku ile nilikisikia tu.

"Deo! Uko hapo?"

"Nipo, Bi Arafa."

"Unatazama wapi?"

"Ukutani. Kuna kalenda."

"Endelea kutazama kalenda." Kisha mabinti wakacheka, na mke wa laoban akasema maneno mengi ya haraka. Bi Arafa akamjibu kwa Kiswahili. "Ndiyo, mama, ndiyo yote ni yangu, hujaona bado! Vuta. Vuta usiogope. Ah! Umenichoma!" Wakacheka tena, na yule mama mkali alicheka kuliko wote. Nikasikia mkasi. Nikasikia cherehani ikikimbia kidogo, ikasimama, ikakimbia. Akavua, akavaa tena. Mara tano walifanya hivyo. Mara ya sita kukawa kimya, nikaogopa.

"Bi Arafa?"

"Nimechuchumaa," akasema. "Nimeinama. Nimekaa. Haishuki." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitazama kwenye kioo. "Deo, mwana wa watu wee. Hii watanunua."

Alipotoka alikuwa ndani ya buibui lake kama alivyoingia, akaulizia basi la kurudi, ana wali wa watu. Mke wa laoban akatandaza karatasi ngumu ya kahawia, akachora kipimo kutoka kwenye ile suruali, akakata, akatoboa tundu, akaandika juu yake kwa kalamu nene nyeusi herufi tano sita za kwao, akaitundika kwenye msumari. Nikamwonyesha yale maandishi kwa kidole. Laoban alikuwa amerudi, akanionyesha dole gumba. Nikajua wameandika jina langu. Waandike la nani tena? Mzigo ulikuwa wangu.

Alhamisi walikata. Kontena lilifungwa Huangpu nikiwa nimesimama pale pale na kofia ya plastiki. Mzigo ulipofika Kariakoo haukumaliza wiki mbili, na yule dada aliyenipigia kuhusu kuku alinipigia tena akaniuliza nina ndugu China wa kumwoa binti yake. Watu walipouliza, nilisema nimebuni mwenyewe. Mara ya kwanza nilisema kwa ajili ya kiapo. Mara ya kumi nilisema kwa sababu ilikuwa tamu. Ule mfuko wa saruji sijui uliingia lini kwenye hadithi, lakini ulikaa vizuri, nikauacha. Na nilikuwa nasimulia hata mezani kwa Bi Arafa, mwaka baada ya mwaka, naye anapita na mchuzi anasema, "Kula, Deo, kitapoa."

Kesho yake baada ya chakula cha kuagana nilikwenda Xintang kuagiza, sasa kwa treni. Laoban amezeeka, mke wake ana mvi, pini ziko pale pale mdomoni. Kuna jambo mama huyo hulifanya kila nikija: ananitazama, anazungusha mkono kama anayekoroga sufuria, ananiuliza kwa macho. Miaka yote hiyo nilijua ananiuliza kama nimekula, nami nilijipiga tumbo kumwonyesha nimeshiba. Siku hiyo alikoroga tena. Ukutani karatasi ya kahawia bado iko, imeingia mafuta pembeni. Wanayo kwenye kompyuta siku hizi, lakini hawajaitoa. Sijui kilichonituma. Nikatoa simu, hizi za sasa unaielekeza kwenye maandishi yanakuja kwa Kiswahili, kibovu lakini unaelewa. Nikaielekeza kwenye jina langu. Ikaandika: *Dada mkubwa mwenye jiko. Usibadilishe.*

Nikakaa juu ya robota. Yule mama akakoroga hewani mara ya tatu, taratibu, kama unavyomwonyesha mtu mgumu wa kuelewa. Nikamjibu kwa mkono, ndege inaruka: mwenye jiko anaondoka. Akatoa pini mdomoni, akazishika kiganjani, akanigeuzia mgongo.

Asubuhi iliyofuata niliwahi uwanja wa ndege wa Baiyun kabla yao. Bi Arafa alikuja na Wanjiku aliyemsindikiza, masanduku mawili, na sufuria kubwa ya pilau aliyokataa kuiweka kwenye mzigo, ameipakata kama mtoto. Nikampa simu atazame picha ya ile karatasi, niliyoipiga Xintang. Nikamsomea, maana miwani yake ilikuwa kwenye mkoba.

"Wameandika nini?"

"Dada mkubwa mwenye jiko. Usibadilishe."

"Mkubwa wapi!" akasema. "Nilikuwa na miaka thelathini na nane!" Kisha akaitazama picha ile muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kidole chake kinafuata ule mstari wa kiunoni. "Kumbe wao walijua."

"Walijua."

"Na weye?"

Wanjiku alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Nini mbaya? Nani amekufa?" Nikamgeukia. Mimi nimezungumza mbele ya mawaziri, nimewahi kuwafokea maajenti wa Huangpu mpaka kontena likafunguliwa, sijawahi kukosa neno. Pale nilikohoa mara mbili. Kisha nikamwambia yote, kuku, maharusi, vibanio, pazia, kalenda. Nikamwambia mfuko wa saruji haukuwepo. Watu walikuwa wanatupita na matoroli. Nilipomaliza, Wanjiku alijitazama mapajani, akamtazama Bi Arafa kuanzia mtandio mpaka viatu, akaanza kucheka na machozi yakamtoka.

"Woiye! Miaka yote hii nimekuwa nikivaa Bi Arafa!"

"Na zinakutosha?" Bi Arafa akamuuliza.

"Zinanitosha sana, mama."

Bi Arafa akaitengeneza sufuria yake kifuani, akaniangalia jinsi alivyokuwa ananiangalia nilipoacha chapati. "Haya, Deo. Sasa kula," akasema, akaingia kwenye mstari wa pasipoti bila kugeuka.

Basi nimelisema, na sasa limeandikwa. Kipimo ni cha Arafa wa Xiaobei, na akili ya kubana nyuma ni yake, aliitoa kwenye benchi la Shamian na pweza miguuni. Zipu nilichagua mimi.